Jinsi ya kuitembelea Eyam, kijiji kilichojifungia tauni: mwongozo wa siku moja

Kila kiangazi kikikaribia maswali hurudi yale yale. Eyam iko wapi? Nafikaje kama sina gari? Kuna kiingilio? Watoto hawatachoka? Na lile ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: ile tauni haikubaki ardhini kweli? Nimeyajibu mara nyingi kwa simu, mmoja mmoja, hata nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Eyam ni kijiji kidogo cha Derbyshire, katikati ya Uingereza, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District. Tauni iliingia humo mwaka 1665. Mwaka uliofuata wanakijiji walikubaliana kutotoka, ili ugonjwa usivuke kwenda kwa majirani. Katika miezi 14 walikufa watu 260. Nyumba za mawe na maua ya madirishani zipo, na zinapendeza, lakini utaziona katika vijiji vingi vya Uingereza. Huku mtu anakuja kwa ajili ya ule uamuzi. Ndiyo maana mwongozo huu unakupeleka mpaka kwenye jiwe la mpaka, nje kidogo ya kijiji, ambako wageni wengi hawafiki kwa sababu wamegeuzia njiani.

Kabla ya yote, jina. Huandikwa Eyam lakini wenyeji hutamka "Iim", silabi moja: vuta i, kisha funga midomo. Ukimwambia dereva wa basi "Eyamu" atakuuliza mara tatu unakwenda wapi.

Vitu vya kuandaa

Viatu vya kutembelea ndilo jambo la kwanza. Njia za mashambani zina tope hata baada ya wiki nzima ya jua, na mteremko wa kwenda kwenye jiwe la mpaka huteleza. Raba za mjini zenye soli laini ziache nyumbani.

Beba koti la mvua hata kama ni Julai. Kijiji kiko juu mlimani, na upepo wake si wa Sheffield wala Manchester.

Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado nyumbani, maana mtandao hukatika ukishaingia mabondeni. Anayependa ramani ya karatasi anunue ile ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, iitwayo White Peak, namba OL24.

Weka na sarafu kidogo mfukoni, kwa ajili ya maegesho na sanduku la kanisa. Maji na chakula chepesi pia. Kijijini kuna mgahawa wa chai na baa, lakini kama unakula halali tu, usitegemee kupata nyama huko. Sambusa za nyumbani, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi hutosha kabisa.

Mwisho, tenga siku nzima. Saa mbili hazitoshi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Miezi mizuri ni kuanzia Aprili hadi Oktoba. Makumbusho ya kijiji hufungwa majira ya baridi, na Jumatatu mara nyingi huwa imefungwa hata kiangazi, kwa hiyo angalia tovuti yao kabla ya kukata tiketi. Ukitaka kuona kumbukumbu yenyewe, nenda Jumapili ya mwisho ya Agosti, ambayo huitwa Jumapili ya Tauni. Siku hiyo watu huandamana hadi bonde la Cucklet Delf kwa ibada ya wazi. Siku hizo hizo visima vya kijiji hupambwa: ubao mkubwa hupakwa udongo mbichi, halafu picha nzima hutengenezwa juu yake kwa petali za maua, majani na mbegu, moja moja, kwa mkono. Wewe uliyezoea kuona mkeka ukisukwa utajua mara moja ni subira ya namna gani. Ila umati huwa mkubwa na maegesho hujaa mapema.

2. Fika. Njia rahisi bila gari ni kupitia Sheffield. Basi la kati ya Sheffield na Buxton, namba 65, ndilo limekuwa likipita kijijini. Hayapiti mengi kwa siku, kwa hiyo soma ratiba ya kwenda na ya kurudi. Njia ya pili ni treni ya Sheffield–Manchester, ushuke Grindleford. Ukitokea Sheffield treni itakupitisha handaki la Totley, zaidi ya kilomita 5 za giza, kisha ghafla uko stesheni, msitu pande zote. Kutoka hapo ni kupanda mlima kwa miguu, saa moja na zaidi.

Ushauri wangu: panda na basi, rudi kwa miguu kupitia Grindleford. Hivyo mlima unaushuka badala ya kuupanda, na makaburi ya Riley (hatua ya 8) yanakuwa njiani mwako.

Wenye gari, egesheni Hawkhill Road, ng'ambo ya makumbusho, palipo na vyoo vya umma. Msiegeshe mbele ya nyumba za watu katika barabara ya kanisani. Barabara ni nyembamba, na nyumba zile watu wanaishi.

3. Anzia makumbusho. Wengi hukimbilia kanisani kwa kuwa ndilo wanaloliona kwanza. Hilo ni kosa. Usipokijua kisa, utakachoona ni kuta tu. Makumbusho ni jengo lililokuwa kanisa dogo la Wamethodisti; utalitambua kwa panya wa chuma anayeonyesha upepo juu yake. Kiingilio kipo, na saa moja inatosha.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Mwishoni mwa kiangazi cha 1665 bunda la nguo lilifika kutoka London, kulikokuwa na tauni, likapelekwa kwenye nyumba ya fundi. Inasimuliwa kuwa nguo zilikuwa na unyevu, na msaidizi wake, George Viccars, akazianika mbele ya moto. Viroboto wakaamka. Septemba 7 Viccars alizikwa, kisha wakafuata wa nyumba ile na majirani. Baridi ilipoingia vifo vilipungua, watu wakadhani imekwisha. Majira ya joto ya 1666 ikarudi na nguvu zote.

Hapo ndipo wanaingia watu wawili ambao nakuomba uwakumbuke siku nzima. William Mompesson alikuwa kasisi mpya, kijana, ambaye kijiji kilikuwa hakijamzoea. Thomas Stanley ndiye aliyekuwa kasisi kabla, akaondolewa mwaka 1662 kwa kukataa utaratibu mpya wa ibada uliowekwa na serikali, lakini watu walikuwa bado wanamsikiliza yeye. Wawili hawa hawakuwa upande mmoja wa dini wala wa siasa. Juni 1666 walisimama pamoja mbele ya watu na wakakubaliana nao mambo matatu: kila familia izike wafu wake yenyewe, bustanini au shambani; ibada itoke kanisani iende nje, watu wakae mbalimbali; na mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji. Bila Stanley watu wasingemsikiliza Mompesson. Mimi hapo ndipo panaponigusa kuliko pote.

Walio Waislamu miongoni mwetu wanaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.): tauni ikisikika katika nchi, usiingie, ikitokea katika nchi uliyomo, usitoke kuikimbia. Watu wa Eyam walifikia hapo hapo kwa njia yao wenyewe.

4. Shuka hadi Eyam Hall. Ukirudi barabara kuu elekea mashariki. Jumba hili la familia ya Wright lilijengwa baada ya tauni na likakamilika mwaka 1672. Nyumba yenyewe si siku zote huwa wazi kwa wageni, lakini uani kuna maduka madogo na mahali pa kunywa chai. Ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja cha majani, kuna mkatale wa zamani walimofungiwa wakosaji miguu. Watoto hupenda kupigia picha hapo. Tazama pia mabirika ya mawe kando ya njia: kijiji hiki kilianza kusambaziwa maji ya pamoja mwaka 1588.

5. Soma vibao vya nyumba za tauni. Ziko kabla tu ya kanisa, kwenye mstari mmoja. Viccars alikufa katika moja yake. Mbele ya kila nyumba pana kibao cha kijani chenye majina ya waliofia humo. Simama usome majina kwa sauti, ndogo tu. Katika Rose Cottage watu tisa wa familia ya Thorpe walikufa wote. Karibu na hapo ndipo alipoishi Emmott Sydall, binti aliyekuwa amechumbiwa na Rowland Torre wa kijiji jirani cha Stoney Middleton. Wanasimulia kwamba walikuwa wakikutana bondeni, kila mmoja upande wake, wakiitana kwa mbali. Mwishoni mwa Aprili 1666 binti hakutokea tena. Kijana alisubiri mpaka kijiji kilipofunguliwa, akawa miongoni mwa wa kwanza kuingia kumtafuta.

Onyo: usichungulie madirishani, wala usifungue geti ili upate picha nzuri. Nimemwona bibi mmoja akitoka na kikapu cha nguo akakuta mgeni amesimama ndani ya ua wake. Hakusema kitu. Alisubiri tu, kikapu mkononi, mpaka mgeni alipojiona mwenyewe.

6. Ingia kanisani. Kanisa la Mtakatifu Lawrence liko wazi kwa wageni mchana. Ndani kuna kiti kinachosemwa kuwa cha Mompesson, orodha ya waliokufa, na dirisha la vioo vya rangi linaloonyesha kisa chote. Nje usipite haraka. Pana msalaba wa mawe wa Waanglo-Saxon uliochongwa zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Kipande cha shina lake kimepotea, ndiyo maana unaonekana mfupi. Jirani yake ni kaburi la Catherine, mke wa Mompesson. Watoto wao wawili walikuwa wamepelekwa Yorkshire mapema, lakini yeye alikataa kumwacha mumewe. Husimuliwa kuwa jioni moja ya Agosti walipokuwa wakitembea alisema hewa inanukia vizuri, na mumewe akafadhaika, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakisikia harufu tamu ugonjwa unapoanza. Alikufa Agosti 25, 1666. Mwezi huo peke yake walikufa watu 78.

Juu ya ukuta wa kusini kuna saa ya jua ya mwaka 1775 yenye majina ya miji ya mbali duniani. Na kwa wapenzi wa kriketi, tafuteni kaburi la Harry Bagshaw, mchezaji wa Derbyshire: limechongwa mpira ukiangusha vijiti, na juu yake mkono wa mwamuzi umeinua kidole. Nje!

Weka sarafu kwenye sanduku ukitoka.

7. Nenda kwenye jiwe la mpaka. Hapa ndipo watu hugeuza, na hapa ndipo nakusihi usigeuze. Kutoka kanisani endelea mashariki hadi The Square, kisha shika mtaa wa Lydgate. Utapita makaburi mawili ya tauni kando ya njia, ya George Darby na binti yake Mary. Mbele kidogo fuata kibao cha njia ya miguu ya kwenda Stoney Middleton. Utatoka kati ya nyumba, uingie malishoni, na bonde lote litafunguka mbele yako.

Usitafute mnara. Jiwe ni kubwa, la kijivu, limelala majanini kama ng'ombe aliyepumzika, na mtu anaweza kulipita akiwa anatazama simu. Juu yake kuna matundu sita. Chuchumaa. Ingiza kidole: kingo zake ni laini, na mara nyingi utakuta maji ya mvua ndani yake na sarafu chache walizoacha wageni. Watu wa Stoney Middleton walikuwa wakileta chakula na dawa mpaka hapa, wanaviweka chini na kuondoka. Watu wa Eyam nao waliacha fedha ndani ya matundu haya, yaliyojazwa siki, wakiamini siki huua sumu ya ugonjwa. Bwana mkubwa wa eneo hilo, Earl wa Devonshire, aliyekaa katika jumba la Chatsworth, naye aligharimia mahitaji ya kijiji wakati wote huo.

Ukishasoma hayo, inuka utazame pande mbili. Nyuma ni Eyam. Mbele, chini, ni paa za Stoney Middleton, karibu kiasi kwamba mbwa akibweka unamsikia. Kulikuwa hakuna ukuta hapa wala lango. Mtu mwenye mtoto mgonjwa ndani angeweza kushuka kwa robo saa tu. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilikaa chini kwenye majani, na sikuinuka mpaka mvua iliponikuta.

Kosa la kawaida hapa ni kuacha geti la mifugo wazi. Kama ulilikuta limefungwa, lifunge. Mbwa awe na kamba.

8. Pita makaburi ya Riley. Rudi kijijini, kisha toka kwa upande wa mashariki kupitia Riley Lane, mwendo wa kama robo saa, sehemu kubwa kupanda. Utaona ukuta mdogo wa mawe wa mviringo katikati ya shamba. Ndani yake wamelala John Hancock na watoto wake sita. Mkewe, Elizabeth, aliwazika wote kwa mikono yake ndani ya siku nane, Agosti 1666, kwa kuwa hakuna jirani aliyethubutu kusogea. Husimuliwa kwamba aliwaburuta kwa kitambaa alichowafunga miguuni, naye amejifunika mdomo. Yeye hakuugua. Baadaye alihamia Sheffield alikokuwa mwanawe aliyebaki.

Usikae juu ya mawe wala usile chakula ndani ya ukuta. Ni makaburi.

9. Kisima cha Mompesson, kama miguu inaruhusu. Kiko upande mwingine kabisa, kaskazini, juu ya kijiji, kwenye barabara ya mlimani. Hapo pia chakula kililetwa na fedha zikaachwa majini. Mwenye watoto wadogo aache. Mwenye gari apite wakati wa kuondoka.

10. Rudi. Kutoka Riley unaweza kushuka msituni hadi Grindleford kwa kufuata ramani. Anza kabla jua halijainama, hasa Oktoba, maana msituni giza huwahi.

Mambo yakienda kombo

*Basi la mwisho limekuacha.* Usisubiri kituoni ukitumaini. Kama bado kuna mwanga, shuka Grindleford ukashike treni. Kama giza limeingia, omba mgahawa au baa wakupigie teksi, na ujue haitakuja kwa dakika tano kama mjini.

*Makumbusho imefungwa.* Nenda kanisani kwanza, kwa sababu ndani kuna maelezo ya kutosha kukupa uzi wa kisa, halafu endelea na hatua ya 5.

*Ukungu umeshuka.* Achana na kisima na njia ya msituni. Kanisa, nyumba na jiwe la mpaka vinatosha, na usiache njia iliyowekewa vibao.

*Cucklet Delf haionekani au njia imefungwa.* Usiruke ukuta. Kama ibada ya bondeni ndiyo hamu yako, njoo Jumapili ya Tauni.

*Watoto wamechoka katikati.* Gawanya siku: makumbusho, mkatale na nyumba asubuhi, chakula kiwanjani, jiwe la mpaka mchana. Wape kazi ya kuhesabu matundu ya jiwe kabla ya kuwaambia ni mangapi.

*Wakati wa swala.* Kijijini hakuna msikiti. Kiwanja cha majani au malisho kando ya njia panatosha; beba mswala mwepesi, na pata mwelekeo wa kibla mapema kabla mtandao haujakatika.

*Umesoma idadi tofauti za wakazi.* Masimulizi ya zamani yalisema kijiji kilikuwa na watu 350, hivyo walibaki wachache mno. Hesabu za baadaye zinaweka idadi juu zaidi, karibu 700. Waliokufa ni 260 katika hesabu zote mbili, na aliyekufa wa mwisho alizikwa Novemba 1666.

*Na hofu ya tauni kubaki ardhini.* Hakuna hatari. Watu wamelima, wamejenga na kuzaa watoto Eyam kwa zaidi ya miaka 350. Tauni yenyewe haijatoweka duniani, na watu wa Lushoto wanajua, maana iliwasumbua kuanzia 1980, lakini siku hizi inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa. Shika mawe, kaa majanini, kula sambusa zako.